Kuku wa Mgeni

Kila asubuhi Gaudens alivaa viatu vyake chini ya mkorosho mmoja. Alitoka Buguruni miguu mitupu, viatu vinaning'inia shingoni kwa kamba zake, suruali nyeupe ameikunja hadi magotini isilowe umande. Akifika hapo, kabla ya kuingia Ilala, alikaa juu ya mzizi, akajifuta vumbi kwa kitambaa kibichi alichofungiwa na mkewe, akavaa soksi, akavaa viatu, akashusha suruali. Ndipo alipogeuka karani. Jioni akirudi alianza upya kinyumenyume. Soli zenyewe zilikuwa zimeliwa upande mmoja, na kila alipozitazama roho ilimruka, maana karani wa serikali haingii ofisini miguu mitupu.

Mwaka ule bei ya katani ilikuwa imeanguka huko Ulaya, ndivyo walivyoambiwa, na ilipoanguka ikawaangukia watu wa Buguruni ambao hawajapata kumiliki hata mche mmoja wa mkonge. Gaudens na mkewe Jovina walifunga mkanda. Walihama Kariakoo, kwenye chumba cha bati, wakaja kwenye kibanda cha makuti chenye kiwanja cha kupanda mihogo. Sukari ikaondoka kwanza, ikafuata chai, zikafuata sigara za Gaudens. Nyama ikawa ya Pasaka na Noeli. Dobi naye akaambiwa kwaheri. Jovina akawa anafua suruali ile mwenyewe, akiitia wanga wa muhogo ule ule waliokula.

Kitu kimoja tu hawakukigusa: ada ya Felicitas. Huyo ndiye mtoto wao wa pekee, miaka kumi na mitatu, anasoma kwa masista huko bara. Mwepesi wa kushika mambo, hata masista wenyewe walimwambia baba yake kwamba akivumilia miaka mitatu mingine atakuwa mwalimu. Mwalimu! Gaudens alilikariri neno hilo njiani, hatua kwa hatua, na kwa ajili yake alikuwa tayari kubeba viatu shingoni mpaka kufa.

Basi ofisini likaja neno la ukaguzi. Bwana wao mkubwa, ambaye makarani wakiwa peke yao walimwita Bwana Miwani, aliwakusanya saa nne asubuhi akawaeleza. Serikali haina fedha. Mishahara huenda ikapunguzwa. Lakini serikali ni ya haki, haipunguzi bila kujua, kwa hiyo yeye mwenyewe atapita nyumba za makarani, moja moja, aone wanavyoishi na wanavyotumia fedha zao.

“Nataka kuona kweli,” alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. “Msinifiche kitu.”

Fransis, karani wa stempu aliyekaa meza ya pili na Gaudens, alisubiri mlango ufungwe ndipo akacheka. Yeye alikuwa akikaa Temeke na watoto watano. “Nisimfiche kitu? Mie kitanda nakipeleka kwa jirani leo leo. Akija atanikuta mkekani natafuna muhogo na wanangu. Atalia machozi Mzungu yule.”

“Mie sina haja ya kuhamisha kitu,” alisema Gaudens. “Akija atatukuta tulivyo.”

Alirudi nyumbani siku hiyo karibu anakimbia, akamkuta Jovina anapalilia mihogo.

“Mama Felicitas, nisikilize. Jumamosi anakuja Mzungu wa ofisini. Asipikiwe kitu. Akute chakula kile kile tunachokula siku zote.”

Jovina aliweka jembe chini. “Mgeni aje kwangu, apewe muhogo mtupu?”

“Ndicho anachokuja kukitazama.”

“Anakuja kutazama umaskini wangu?”

“Anakuja kutazama mshahara wangu. Asipoona shida ataukata, na ukikatwa Felicitas harudi shule. Umenielewa lakini?”

“Nimekuelewa,” alisema Jovina, akaokota jembe lake.

Alikuwa amemwelewa, lakini ugeni ni ugeni. Jovina alizaliwa Bukoba kwenye nyumba ambayo mpita njia hakuruhusiwa kuondoka na tumbo tupu, na tangu alipoolewa hakuna aliyewahi kutoka kwake akasema sikupewa kitu. Siku tatu nzima hakutulia. Alifagia uwanja mara mbili kwa siku. Usiku aligeuka kitandani huku na huku mpaka Gaudens akamwuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anamwona mtu mzima amekaa kwenye gogo mbele ya nyumba yake, na mbele yake sahani ya muhogo, na aibu hiyo ilimwasha mwili.

Jumamosi Gaudens aliletwa nyumbani kwa motokaa ya Bwana Miwani, mara yake ya kwanza kupanda motokaa, na njia nzima alikuwa akipanga maneno: Tazama, Bwana, hapa ndipo tunapolala. Tazama, hiki ndicho tunachokula. Waliposhuka maneno yote yakamkauka. Mlangoni palikuwa na viti viwili vya kusukwa vya Muhdhar, yule Mwarabu mwenye duka pale njia panda. Juu ya meza, ambayo nayo haikuwa yao, palitandikwa kitambaa cheupe cha kufumwa na vikombe sita vyenye maua, vya Bi Bahiya mke wa Muhdhar. Na hewani, lahaula, palinukia kuku.

Jovina alitoka amejitanda kanga yake ya harusi. Felicitas, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa amevaa gauni lake la buluu la shule. Akapiga goti kidogo, akamwamkia mgeni kwa Kiingereza safi. Bwana Miwani alivua kofia. Alifurahi, hilo halikufichika. Akala wali, akala paja, akala na firigisi ambayo kwa haki ilikuwa ya mwenye nyumba. Gaudens alikaa ukingoni mwa kiti cha watu.

“Bwana,” alisema mwishowe, “si siku zote tunakula hivi. Leo ni kwa sababu yako.”

Bwana Miwani alifuta midomo. “Mtu mnyenyekevu,” alisema, akaandika kwenye kijitabu chake.

“Hata viti hivi, Bwana, si vyetu.”

“Ndiyo, ndiyo.” Alikuwa anamwangalia Jovina. “Mama, chakula kizuri sana.”

Jovina akainama kwa heshima, uso umemng'aa. Jogoo alikuwa mmoja tu pale nyumbani. Mchele aliuchukua kwa Muhdhar kwa ahadi ya kuja kumfulia mkewe.

Wiki tatu baadaye barua zilitoka. Robo nzima ya mshahara ilikatwa, ya kila karani. Barua ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba makarani wanaishi bila dhiki.

“Wali wa mkeo huo,” Fransis alimwambia Gaudens mbele za watu. “Mie nimekaa mkekani na wanangu, nimetafuna muhogo mbele ya Mzungu mpaka taya zikauma. Kumbe wewe huko Buguruni unachinja! Umetumaliza, bwana.”

Siku ile hakuna karani aliyeongozana naye kutoka. Gaudens alifika nyumbani giza limeingia, viatu bado viko miguuni. Alikuwa amesahau kuvivua. Alimwambia mkewe maneno ambayo baadaye aliyatafutia njia ya kuyarudisha asiione. “Unajua ulichompa yule mgeni? Ulimpa shule ya mwanao. Ulimkatia vipande vipande, ukamtilia na mchuzi.”

Jovina aliingia ndani akakaa sakafuni karibu na Felicitas, ambaye likizo yake ilikuwa imekwisha siku mbili zilizopita, akingoja tu ada, na sanduku lake lilikuwa limefungwa tayari. Hakuna aliyelifungua usiku ule.

Tangu siku hiyo Jovina akawa mtu mwingine. Alikula mwisho, wakati mwingine ukoko tu. Kila alfajiri alikwenda nyuma ya duka la Muhdhar kufua nguo za nyumba ile. Deni la mchele lilipokwisha akaendelea kufua, na Bi Bahiya, ambaye duka lao nalo lilikuwa limebaki na rafu tupu, akamwambia waziwazi:

“Mama Felicitas, sitaki kukudanganya, shoga. Pesa sina. Wateja wote wamegeuka watu wa kesho. Nina mayai tu, ukiyataka.”

Jovina aliyataka. Kuku wake tetea, aliyebaki mjane baada ya jogoo yule kuliwa, alikuwa amepata joto la kuatamia. Bi Bahiya akampa mayai kumi na moja kidogo kidogo, naye akayapanga chini ya tetea ndani ya kapu, kwenye kona ya chumba cha Felicitas. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto aliijua. Vifaranga vikikua vitauzwa sokoni, na muhula ujao Felicitas atarudi kwa masista, amechelewa, ndiyo, lakini atarudi. Felicitas alichora mistari ya mkaa ukutani, mmoja kwa kila siku. Alimletea tetea maji, akamwekea chembe za mtama, akakaa karibu naye akisoma kitabu chake kimoja kwa sauti, tena na tena, asije akasahau.

Mistari ilipofika kumi na miwili, Gaudens alipewa kazi ya kupanga majalada ya zamani kabatini. Akaikuta nakala ya ile barua ya mishahara. Aliisoma kwa mazoea, neno kwa neno, mpaka akafika kwenye tarehe. Akairudia. Akatoka nayo dirishani kwenye mwanga. Barua ilichapwa tarehe tatu. Bwana Miwani alikuja Buguruni tarehe ishirini na moja ya mwezi ule ule. Siku kumi na nane kabla jogoo hajachinjwa, uchunguzi ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba makarani wanaishi bila dhiki.

Kuichukua karatasi ile ni jela, kwa hiyo aliirudisha mahali pake, akafunga kabati, akakaa kwenye kiti chake akingoja saa ya kutoka kama mtu aliyekalia siafu.

Jovina alikuwa anaanika nguo za watu aliposimuliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, shuka mbichi iko mkononi.

“Yaani hata ningempa mawe?”

“Hata ungempa mawe.”

“Sasa alikuja kufanya nini?”

Gaudens aliinama akachukua nguo nyingine, akaanza kuikamua.

“Nakuuliza wewe unayejua kusoma. Mtu amekwisha kata, anakuja nyumbani kwangu, anakula jogoo wangu, ananiambia chakula kizuri. Alikuja kufanya nini?”

“Sijui, mke wangu. Nisamehe kwa yale maneno.”

Jovina alikung'uta shuka kwa nguvu, akaitupia kwenye kamba. Alikuwa analia na hakujificha. “Yule jogoo alikuwa mzuri,” alisema.

Siku mbili baadaye Fransis aliondolewa kazini. Aliitwa ndani, akatoka, akachukua kofia yake, akapita katikati ya meza bila kumwangalia mtu. Mchana huo huo Gaudens naye akaitwa. Bwana Miwani alimkaribisha vizuri, akamwonyesha hata kiti, na Gaudens akabaki amesimama.

“Unamjua Fransis. Nilikwenda nyumbani kwake. Shida tupu. Hakuna kitanda, watoto wanakula muhogo. Mtu mwenye shida kama hiyo hawezi kukaa karibu na stempu za serikali.”

“Ameiba, Bwana?”

“Bado,” alisema Bwana Miwani.

Gaudens alitazama viatu vyake.

“Wewe ni mtu tofauti. Mimi naandika habari kwa wakubwa, juu ya karani anayejua kutumia fedha yake, anayestahimili wakati mbaya. Kwa hiyo Jumamosi nitakuja kwako tena, nione unavyoendelea na mshahara mpya. Wako wengine wa kuondolewa, lazima nijue nani abaki.” Akatabasamu. “Mwambie mkeo sijamsahau kuku wake.”

Njia ya kurudi Buguruni haijawahi kuwa fupi namna ile. Gaudens alitamani iongezeke. Labda na safari hii karatasi imekwisha chapwa, aliwaza, jina lake liko upande huu au upande ule, na kuku habadilishi kitu. Halafu akawaza, labda hii ndiyo inayoamua kweli. Alisimama chini ya mkorosho akavua viatu, akavivaa tena, akavivua.

Jovina hakupiga kelele. Alikwenda kwa Bi Bahiya jioni ile ile, akarudi na kitambaa cha meza kimekunjwa na vikombe sita ndani ya kapu. Viti vitaletwa Jumamosi asubuhi. Mchele kidogo upo. Kuku hakuna: Muhdhar alikwisha wauza wote mjini, mpaka na vifaranga.

“Tupike samaki,” alisema Gaudens.

“Amesema kuku.”

“Amesema hajamsahau. Hajasema apikiwe.”

“Baba Felicitas,” alisema Jovina polepole, “wewe ungekuwa yeye, ukawekewa samaki, ungeandika nini?”

Jumamosi mistari ya mkaa ilikuwa kumi na saba. Jovina aliingia chumbani kwa bintiye kukiwa kunapambazuka. Felicitas alikuwa macho, amekaa karibu na kapu, na kwa vile alivyokaa ilionekana alikuwa hapo muda mrefu.

“Mama, zimebaki siku nne.”

“Najua kuhesabu.”

“Nne tu, mama. Mwambie aje wiki ijayo.”

“Nani amwambie?”

Felicitas hakusogea. Jovina akampitishia mikono pembeni, akamshika tetea kwa mbawa na kumnyanyua. Kuku hakupiga kelele, alizoea mikono ile. Chini ya kifua manyoya yalikuwa yamenyonyoka na ngozi ilikuwa ya moto. Gaudens alikuwa anangoja uani na kisu. Alipomkanyaga mbawa aligeuza uso, akakata vibaya, ikabidi akate mara ya pili.

Motokaa ilifika saa sita na nusu. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kitambaa, vikombe vya maua, kanga ya harusi. Bwana Miwani alivua kofia, akaketi, akavuta harufu, akacheka kwa furaha ya mtu aliyerudi mahali anapopapenda. Jovina akamwekea paja. Akamwekea firigisi. Kuku alikuwa mgumu kidogo, amekonda kwa kuatamia, lakini mgeni hakulalamika.

“Naona hapa hakuna kilichobadilika,” alisema.

“Hakuna, Bwana,” alisema Gaudens.

“Na yule binti? Aliyeniamkia kwa Kiingereza?”

Gaudens alitazama pazia la mlango wa chumba. Jovina, aliyekuwa amesimama na birika mkononi, naye akalitazama. Machoni mwao wote wawili alipita Fransis akichukua kofia yake, kama Gaudens alivyokuwa amesimulia.

“Yuko shule, Bwana.”

“Bado? Hata baada ya mshahara kupungua?”

“Bado, Bwana. Anasoma.”

Bwana Miwani aliweka kijiko chini, akatoa kijitabu chake. Aliandika kwa muda mrefu, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena. “Unaona,” alisema, “inawezekana.”

Nyuma ya pazia Felicitas alikaa kitandani amevaa gauni lake la buluu, upindo ameukusanya mapajani, na ndani yake yale mayai kumi na moja, ameyafunika kwa mikono yote miwili. Mayai ya pembeni yalikuwa yameanza kupoa, akayahamishia katikati. Hajala tangu jana, na harufu ya mchuzi ilikuwa imejaa chumba kizima. Kikohozi kilimpanda, akakimeza. Nje, mgeni aliomba aongezwe wali.